Kutoka Los Santos hadi Wote: Je, Shabiki wa Gemu Ana Haki ya Kuitwa Mhakiki?

Wapo kati yetu wanaoamini kuwa fasihi linganishi huanzia darasani na kukomea humo humo. Mwanafunzi hupewa riwaya mbili, huambiwa alinganishe na kulinganua, naye hujaza kurasa tatu kuhusu maudhui, kurasa mbili kuhusu fani, kisha hufunga kwa aya isemayo kwamba waandishi wote wawili wamefaulu. Ninakusudia kudai katika makala haya kwamba ulinganishi ulio hai zaidi niliowahi kuusikia katika kaunti za Kitui na Makueni haukufanyiwa darasani kamwe. Ulifanyiwa katika vibanda vya gemu, baina ya vijana waliokalia mabenchi na makreti ya soda, na ulihusu mfululizo wa michezo ya video uitwao Grand Theft Auto pamoja na mwenzake wa vichekesho, Saints Row. Najua baadhi ya wasomaji wa jarida hili, hasa walimu wetu, wataguna. Naomba wagune wakiendelea kusoma.

Kwa ajili ya msomaji asiyeijua michezo hii, maelezo mafupi yatafaa. Grand Theft Auto ya kwanza ilitolewa mwaka 1997 na kampuni ya DMA Design ya Dundee, Uskoti, ambayo baadaye iliitwa Rockstar North. Katika toleo hilo mchezaji aliutazama mji kutoka juu, kama kunguru aitazamavyo soko. Toleo la tatu la mwaka 2001 likamshusha barabarani. Likafuatwa na Vice City mwaka 2002, San Andreas mwaka 2004, toleo la nne mwaka 2008 na la tano mwaka 2013. Saints Row nayo ilianza mwaka 2006 mikononi mwa kampuni ya Volition ya Champaign, jimbo la Illinois. Wengi waliiona kuwa mwigo tu, mpaka matoleo ya 2008, 2011 na 2013 yalipoipa sura yake ya mzaha uliopindukia. Ilianzishwa upya mwaka 2022, haikupendwa, na Volition yenyewe ikafungwa mwezi Agosti 2023.

Mhusika mkuu katika michezo yote hii ni mhalifu. Mji mzima uko wazi mbele yake: anaweza kuifuata hadithi, misheni baada ya misheni, au akazurura tu, akaiba gari, akasikiliza redio ya gari hilo, akafukuzwa na polisi. Kila kitu kimetiwa dhihaka, kuanzia majina ya maduka hadi mabango na matangazo ya redioni. Mlengwa wa dhihaka hiyo ni Marekani, ingawa mfululizo mkubwa zaidi uliundwa na Waskoti. Jambo hilo peke yake lingetosha kuwa mada ya semina.

Sasa tuje nyumbani. Mashine iliyoleta michezo hii Ukambani ni PlayStation 2, ambayo Sony iliizindua mwaka 2000 na kukoma kuiunda mwanzoni mwa 2013. Ilifika kwetu kama zifikavyo bidhaa nyingi, ikiwa imekwishatumiwa na wengine, na diski zake zilikuwa za kunakiliwa. Mtu mwenye mashine mbili na runinga mbili alifungua kibanda Kalundu, Mwingi, Wote, Emali au Mtito Andei, mradi umeme ulikuwepo. Mpira ndio uliokuwa mfalme wa vibanda hivyo, na hadi leo ndio mfalme. Lakini mpira hauna hadithi. Aliyetaka hadithi aliomba San Andreas, akalipia dakika zake, na dakika zilipokwisha akanyang'anywa pedi.

Naomba msomaji atulie hapa kidogo. Hadithi ya San Andreas huhitaji makumi ya saa ili kukamilika. Hakuna mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye fedha za makumi ya saa. Kadi ya kumbukumbu ilikuwa mali ya mwenye kibanda, na aliyekuja baada yako aliendelea pale ulipoachia, au alivuruga ulichojenga. Kwa hiyo hapakuwa na mtu mmoja aliyeijua hadithi nzima kwa kuicheza mwenyewe. Mmoja aliijua sehemu ya mjini Los Santos, mwingine ile ya mashambani, wa tatu alikuwapo siku mtu alipofika Las Venturas. Hadithi iliunganishwa kwa mdomo, njiani kuelekea nyumbani, kila mmoja akichangia kipande chake na kutia chumvi kiasi alichotaka. Anayeshika pedi alikuwa fanani kwa dakika thelathini, na waliomzunguka walikuwa hadhira isiyonyamaza: wakimwelekeza, wakimkejeli, wakimkumbusha alikosea wapi jana. Tunapofundisha sifa za fasihi simulizi tunataja utendaji, uwepo wa hadhira, ufaraguzi na umilikaji wa pamoja. Sifa zote nne zilikuwa ndani ya chumba kile chenye paa la mabati.

Hata visasili havikukosekana. Duniani kote mashabiki wa San Andreas walivumishiana kuwa katika misitu ya mlima Chiliad hujificha zimwi lenye manyoya. Waundaji walikanusha, uvumi ukakua zaidi, na mwaka 2013 toleo la tano likamtia mtu aliyevaa vazi la zimwi hilo, kana kwamba fanani amesalimu amri kwa hadhira yake. Uvumi huo ulifika hadi kwetu, ukapata makao mapya na maelezo mapya. Nao ufunguo wa silaha, yaani ule mfuatano wa vitufe unaompa mchezaji bunduki bila jasho, ulihifadhiwa nyuma ya madaftari na kukaririwa kwa mahadhi: kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu. Nimewasikia watu wazima wakiukariri bila kukosea, watu ambao wamekwishasahau kila shairi walilofundishwa shuleni. Sisemi hilo ni jambo jema. Nasema ni jambo la kuelezwa, na kazi ya kulieleza ni yetu.

Kiini cha makala haya, hata hivyo, ni hukumu. Katika mijadala ya vibanda vile, na baadaye katika mabweni ya vyuo, swali lilikuwa moja: toleo lipi ni bora, na kwa nini? Jibu la wengi Ukambani lilikuwa San Andreas, na bado ni hilo, ingawa toleo la tano lina picha nzuri zaidi na limeuzwa zaidi ya nakala milioni 200 duniani. Msomi atasema haya ni mapenzi ya utotoni tu. Mimi naona kuna hoja, na hoja zenyewe ni za kihakiki.

Hoja ya kwanza ni ya mandhari. Vice City na toleo la nne ni miji mitupu. San Andreas ni jimbo zima, lenye miji mitatu na kati ya miji hiyo kuna mashamba, vilima, jangwa na vijiji vyenye kituo kimoja cha petroli. Mtu aliyezaliwa Mutomo au Kibwezi hujua maana ya kusafiri mwendo mrefu katika nchi kavu kabla ya kuona taa za mji. Hiyo ndiyo gemu ya kwanza iliyomwonyesha kuwa nchi iliyo nje ya mji nayo ni sehemu ya ulimwengu unaostahili kuigizwa. Toleo la tano nalo lina mashamba na jangwa, ila lina mji mmoja tu mkubwa. Mashabiki wanalijua hilo na huwa wa kwanza kulitaja.

Ya pili ni ya mwili. Carl Johnson, au CJ, asipokula hukonda. Akila kupita kiasi hunenepa, na watu humtania barabarani. Akienda kuinua vyuma misuli hutokea. Mhusika wa toleo la nne na wale wa toleo la tano hawana haja hiyo: chakula kwao ni dawa ya majeraha tu. Nimemsikia kijana mmoja wa Makueni akilalamika kwamba mashujaa wa siku hizi hawaoni njaa, na akalisema hilo kama kasoro ya usawiri wa wahusika, bila kulitumia neno usawiri. Katika eneo ambalo mvua ikikosa misimu miwili habari zake husomwa redioni, lalamiko hilo si dogo.

Lakini hoja iliyo nzito kuliko zote ni ya msuko. San Andreas huanza na mtoto anayerejea nyumbani kutoka mji wa mbali baada ya miaka mitano kwa sababu mama yake ameuawa. Kabla hajafika, polisi humkamata, humnyang'anya fedha zake na kumtupa katika mtaa wa maadui. Anapofika makaburini, kakake hamkaribishi. Anamlaumu kwa kuondoka, kwa kuwaacha, kwa kurudi tu wakati wa msiba. Je, ni nani Ukambani asiyeijua hadithi hii? Wanaume wa Kitui na Makueni wamekuwa wakienda Nairobi na Mombasa kutafuta kazi kwa vizazi, na wengi hurejea wakiitwa na kifo. Lawama hutolewa kando ya kaburi, kwa sauti ya chini, na mara nyingi hutoka kwa ndugu aliyebaki kulinda boma. Nayo fedha inayoishia mikononi mwa afisa kabla ya safari kukamilika haihitaji tanbihi yoyote. Mchezo ulioandikwa na watu wasiojua Ukambani iko wapi ulianza pale pale ambapo hadithi nyingi za Ukambani huanzia. Kisha usaliti ukafuata, na wasaliti wakawa ni rafiki wa utotoni, Smoke na Ryder. Na karibu na mwisho, afisa mwovu Tenpenny anapoachiliwa na mahakama, mji hulipuka kwa ghasia, kwa mfano wa yale yaliyotokea Los Angeles mwaka 1992. Mkenya aliyeyafikia maonyesho hayo baada ya miezi ya mwanzo ya 2008 hakuyatazama kwa jicho la mtalii.

Toleo la nne lilistahili kupendwa kwa misingi iyo hiyo. Niko Bellic anawasili Liberty City kwa meli, akiwa amesadiki barua za binamu yake Roman kuhusu jumba la kifahari, na anakuta chumba chenye mende. Wapo jirani zetu walioondoka kwa ahadi zinazofanana, wakielekea Ghuba, na waliyoyakuta huko ni mabaya kuliko mende. Lakini toleo hilo lilihitaji mashine ghali ambayo vibanda vingi havikuwa nayo, magari yake yaliendeshwa kwa uzito uliowachosha waliozoea mwendo wa awali, na huzuni yake ilikuwa nyingi kwa mtu aliyelipia dakika ishirini. Wachache waliolimaliza hulitetea kwa ukali. Mimi ni mmoja wao.

Hapa ndipo Saints Row inapoingia, na ndipo mjadala wa mashabiki unapofikia kiwango ambacho, kwa maoni yangu, seminari zetu nyingi hazikifikii. Swali wanalogombania ni hili: ucheshi ukizidi, ni nini hupotea? Toleo la pili la Saints Row, la 2008, lina upuuzi mwingi. Mchezaji anaweza kuendesha gari la kunyonya maji taka na kuyarushia majumba ya watu. Ila katikati ya upuuzi huo kijana aitwaye Carlos, ambaye mchezaji amemzoea, hufungwa nyuma ya gari na kuburutwa barabarani na kundi la maadui, na kiongozi wake hana budi kumkatiza maumivu kwa risasi. Kicheko hukatika kooni. Katika toleo la tatu la 2011, Johnny Gat, mhusika anayependwa kuliko wote, hufa mwanzoni kabisa, nje ya macho yetu, na toleo la nne la 2013 hutuambia kumbe hakufa, alitekwa na viumbe wa anga. Katika toleo hilo hilo mhalifu wetu amekuwa rais wa Marekani na anaruka juu ya majengo kama panzi.

Kuna wanaoshangilia. Wanasema mfululizo ulipata sauti yake ulipoacha kumwiga mkubwa, na kwamba kumtaka Saints Row awe na huzuni ni kumtaka fisi wa ngano awe na busara. Hoja hiyo ina nguvu. Wengine, nami nimo, wanashikilia toleo la pili kwa sababu mzaha wake ulikuwa na gharama. Kijana mmoja wa Wote, fundi wa pikipiki ambaye sidhani amewahi kushika kitabu cha nadharia, aliniambia kuwa toleo la nne huchekesha sana mpaka halichekeshi, kwa sababu mtu akiweza kufufuka, hata kumwogopesha ni utani. Nilipokuwa nikisoma kuhusu kejeli, dhihaka, stihizai na tashtiti, hakuna kitabu kilichonionyesha mpaka kati ya chuku inayouma na chuku inayopulizwa tu kwa wepesi kama alivyonionyesha fundi huyu akiwa amejipaka grisi hadi kwenye viwiko.

Yapo mambo ambayo hukumu za kwetu haziyagusi kabisa, na ukimya huo una mafunzo yake. Shabiki wa Marekani hutukuza vituo vya redio vya michezo hii: watangazaji wa kubuni, matangazo ya bidhaa za kipumbavu, wanasiasa wanaojianika wenyewe. Nusu ya ucheshi wa waundaji imo humo. Ukambani redio hiyo ilipita masikioni kama upepo. Kiingereza chake ni cha kasi, marejeleo yake ni ya huko, na katika kibanda chenye kelele hakuna aliyesikia chochote. Waliocheka walicheka kwa sababu ya mwili: mtu aliyeanguka kutoka paani, polisi aliyegongana na mwenzake, mwizi aliyeiba basi badala ya gari. Wafuasi wa nadharia ya upokezi, kwa kumfuata Hans Robert Jauss, hutuambia kuwa kila hadhira huikabili kazi ikiwa na upeo wake wa matarajio. Hapa tuna mfano wa wazi kuliko tunayoitoa kwa kawaida. Tashtiti kali kuhusu Marekani ilisafiri hadi Kitui, ikafika ikiwa imepoteza ulimi wake wote, na iliyobaki ikafasiriwa upya kuwa ngano ya mjanja na wakubwa wasiompata. Nasita kuliita hilo hasara. Ni fasiri nyingine, na ina uhalali wake.

Nakubali kuwa yapo yasiyoteteeka. Wanawake katika matoleo mengi ya Grand Theft Auto ni mapambo, au wahanga, au sababu ya wanaume kuuana. Saints Row iliruhusu mchezaji kuwa mwanamke tangu toleo la pili, ilhali ndugu yake mkubwa alingoja hadi toleo la sita, lililotangazwa Desemba 2023 na kuahirishwa zaidi ya mara moja, ili kumleta Lucia kama mhusika mkuu. Na si ndani ya mchezo tu. Vibanda vilikuwa vya wavulana. Msichana aliyeonekana mlangoni aliulizwa anamtafuta nani. Kwa hiyo hukumu ninazozisifu hapa ni hukumu za nusu ya jamii, na sitajifanya sijui. Iko pia hoja ya wazazi na machifu kwamba vibanda vilimeza karo na saa za masomo. Kwa baadhi ya watoto ilikuwa kweli. Sioni, lakini, kwa nini kosa hilo liwe sababu ya kutochunguza kilichofanyika humo. Vilabu vya pombe pia humeza karo, na bado tunazichambua nyimbo za walevi.

Wanaosema kuwa kazi za uhalifu na mzaha si za kuchunguzwa na wasomi wangefaa kukumbuka mtu mmoja wa upande wa Makueni. David Maillu alizaliwa Kilungu mwaka 1939, wakati eneo hilo lilipokuwa sehemu ya wilaya ya Machakos. Katika miaka ya 1970 alianzisha kampuni ya Comb Books na kuchapisha vitabu kama My Dear Bottle na After 4:30, ambavyo makarani, makondakta na wanafunzi walivinunua kwa wingi, huku wahakiki wa vyuo wakiviita uchafu na Tanzania ikavipiga marufuku. Mwaka 1980 alitoa The Equatorial Assignment, hadithi ya jasusi aitwaye Benni Kamba 009, ambaye alirudi katika Operation DXT mwaka 1986. Jasusi mwenye jina la Kamba na namba ya mzaha, katika mfululizo! Leo wapo wanaozitafiti kazi hizo. Wasomaji wake wa awali, waliolinganisha kitabu hiki na kile ndani ya matatu, hawakutafitiwa na mtu. Maneno yao yamepotea.

Nasi wenyewe katika Kiswahili tunayo mifululizo. Muhammed Said Abdulla alimleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960 na kuendelea naye hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Elvis Musiba alimtuma Willy Gamba kutoka Kufa na Kupona hadi Uchu. Tunazisoma kazi hizi moja moja, au tunazisoma kama ushahidi wa kuzuka kwa riwaya ya upelelezi. Ni nadra kuuliza lile swali la mashabiki: katika mfululizo huu, ni kitabu kipi kilicho bora, ni kipi kilichochoka, na mwandishi alianza kujirudia wapi? Tunaliona kuwa swali la kitoto. Ila mtu asiyeweza kulijibu hajausoma mfululizo, ameusikia tu. Hali ni hiyo hiyo kwa Kezilahabi. Tunaeleza kwa ufasaha kuwa Rosa Mistika ya 1971 ni ya kihalisia na kuwa Nagona ya 1990 si ya kihalisia, kisha tunaogopa kusema ni ipi tunayoipenda na kwa sababu gani.

Hofu hii hufundishwa mapema. Mtahiniwa wa karatasi ya tatu ya Kiswahili alipokuwa akiisoma Kidagaa Kimemwozea, kati ya 2013 na 2017, au Chozi la Heri baada yake, alifundishwa kuorodhesha: maudhui matano, sifa sita za mhusika, mbinu nane. Hakuulizwa kama kitabu ni kizuri. Niliwahi kufundisha kwa mazoezi shule moja ya kutwa huko Makueni, na nilikuwa na wanafunzi watatu walioweza kubishana kuhusu Vice City na San Andreas kwa muda wote wa mapumziko, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kikamba, wakitoa ushahidi, wakikubali hoja ya mwenzao na kuipindua. Saa moja baadaye walikuwa bubu mbele ya riwaya. Nani aliyeshindwa hapo, wao au namna tulivyowapa riwaya?

Hatari iliyopo ni ya upotevu. Desemba 2013 San Andreas ilitolewa kwa simu za mkononi, na tangu hapo mtu aweza kuicheza peke yake chini ya mwembe, tangu mazishi ya mama hadi kifo cha Tenpenny. Vibanda vingi vilivyosalia ni vya mpira. Hadithi iliyokuwa ikiunganishwa na watu kumi sasa humalizwa na mmoja, kimya kimya. Novemba 2021 kampuni ilipotoa upya matoleo matatu ya zamani yakiwa yamepakwa rangi mpya, nyuso zilitoka zimevimba, mvua ikaficha barabara, na waundaji wakalazimika kuomba radhi. Mashabiki walilinganisha maonyesho ya zamani na mapya kipengele kwa kipengele, kama tufanyavyo na miswada ya Al-Inkishafi. Ila safari hii, kwa niliowasikia, mabishano yalikuwa baina ya watu wawili watatu wenye simu. Wale wa mabenchi sasa wana miaka thelathini na ushei, wana watoto, wanaanza kusahau nani alisema nini.

Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alizikusanya ngano za Wakamba na kuchapisha Akamba Stories mwaka 1966. Alizikusanya zilipokuwa bado zikisimuliwa, na pengine wapo waliomwona akipoteza muda kwa hadithi za fisi na sungura. Simfananishi CJ na sungura kwa wepesi. Mmoja ni mali yetu na mwingine ni bidhaa iliyouzwa. Nafananisha kazi ya mkusanyaji. Mwenzangu mmoja aliwasilisha pendekezo la utafiti wa uzamili kuhusu mijadala hii katika chuo nisichokitaja. Jopo lilimwambia kwamba mada haina matini. Alipouliza matini ni nini, alishauriwa abadilishe mada, naye akabadilisha. Sasa anaandika kuhusu taswira katika diwani ambayo imekwishaandikiwa tasnifu nne. Ni tasnifu nzuri, nimeisoma sura mbili. Espen Aarseth wa Norwei alikwishaandika mwaka 1997, katika Cybertext, kwamba yapo matini ambayo msomaji hana budi kutenda kazi ili yafunguke, na ubishi wa kama gemu ni hadithi au ni mchezo umeendelea tangu hapo katika lugha nyingine. Katika Kiswahili hatujaanza hata kubishana.

Pengine kinachotukwamisha ni istilahi, na hapo wanachama wa chama hiki wana la kufanya bila kungoja jopo lolote. Mchezo ambao mji wake wote uko wazi tuuite nini? Wapo wanaopendekeza 'ulimwengu wazi', ambalo ni tafsiri ya neno kwa neno na halimwambii kitu mtu wa Mwingi. Vijana niliowasikia huziita tu gemu za kutembea, kwa kuzitofautisha na za mpira na za ngumi. Mimi naliona jina hilo kuwa bora. Kutembea kwetu ni kwenda, ni kuzuru jamaa, na ni kuzurura bila shughuli, na mchezaji wa San Andreas hufanya yote matatu kabla ya dakika zake kwisha. Ningependa kusikia kutoka kwa wasomaji wa Mombasa, Dar es Salaam na Bukavu wanaziitaje huko kwao.